Swali la Kwanza: binti akifanyiwa ukatili chuoni, anaanza kuulizwa nini?

KELVIN: Haya karibuni tena wasikilizaji wetu, mpo na mimi Kelvin pamoja na dada Mwanaidi. Leo hatuna stori za bumu, ile hela ya mkopo, wala sapu, ile mitihani ya kurudia, leo kuna jambo dada amekaa nalo moyoni miaka mingi. Dada, anza wewe.

MWANAIDI: Asante mdogo wangu. Kwanza niseme, tutaongelea ubakaji na rushwa ya ngono vyuoni, so kama unasikiliza ukaona kifua kinabana, zima tu, utarudi siku nyingine. Haya. Mi nilikuwa mwaka wa pili, tunakaa hosteli wanne chumba kimoja, mwenzetu mmoja akaenda diskasheni Ijumaa usiku, hakurudi mpaka alfajiri. Nikasikia mlango, nikaamka, nikamkuta amekaa kitandani na viatu miguuni, kimoja kamba imekatika. Hasemi. Namuuliza vipi, anasema nataka kuoga. Basi, neno hilo tu. Nikachukua ndoo nikaenda kumchotea maji, nikamchemshia, nikamwogesha kama mtoto, na nguo zake nikaziloweka kwenye sabuni ya unga. Nilijua namsaidia, Kelvin.

KELVIN: Ungejuaje sasa dada.

MWANAIDI: Ndo hapo! Wiki ya orientesheni walitueleza kusajili kozi, faini ya kupoteza kitambulisho, marufuku kupika chumbani, yote hayo, hamna aliyesimama mbele akasema jamani likikutokea hili au likimtokea mwenzio, usioge kwanza, usifue, zile nguo weka kwenye bahasha au mfuko wa karatasi sio rambo, maana plastiki inatunza unyevu na ushahidi unaoza mle ndani, alafu nenda hospitali leo leo. Dakika tano tu za kuongea. Dakika tano zingebadilisha ile asubuhi yote.

KELVIN: Na mkaenda kuripoti?

MWANAIDI: Tukamshika mkono tukampeleka kwa waden. Waden akamtazama juu mpaka chini, swali la kwanza kabisa, "saa hizo ulikuwa unatoka wapi?" Yule binti akainama, akasema nilianguka. Nilianguka! Tukarudi chumbani, na hilo neno ndo likabaki kama maelezo yake mpaka tunamaliza chuo.

KELVIN: Dah.

MWANAIDI: Na yule mama hakuwa mtu mbaya ujue, mwanafunzi akiugua usiku alikuwa anaamka mwenyewe kutafuta gari. Hakuwahi kufundishwa tu. Kwahiyo mimi nikisikia chuo kinajisifu kina sera ya kupinga ukatili wa kijinsia, imeandikwa vizuri, ipo kwenye tovuti, nauliza kitu kimoja, yule waden ameisoma? Mlinzi wa getini je? CR, kiongozi wa darasa? Nesi wa zamu pale zahanati? Maana binti aliyeumizwa haendi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, anaenda kwa mtu wa kwanza anayemwamini, na huyo mtu akikosea swali la kwanza hamna la pili.

KELVIN: Na muda wenyewe ndo hauko upande wake. Weka hapo zile saa, watu wanazichanganya sana.

MWANAIDI: Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zile za PEP, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na hiyo 72 ni mwisho wa mlango, sio kwamba una siku tatu za kujifikiria, ukiwahi saa mbili za mwanzo ni bora kuliko kesho. Zinamezwa siku 28. Za kuzuia mimba ni ndani ya siku 5, nazo vilevile kadiri unavyowahi. Sasa hesabu na mimi, tukio Ijumaa usiku, ofisi ya mshauri wa wanafunzi inafunguliwa Jumatatu, binti anakaa korido mpaka saa nne anasubiri bosi atoke kikaoni, 72 inakaribia kukatika hapo. Ndo maana nasema hospitali kwanza, PF3, ile fomu ya polisi, inatakiwa kwa ajili ya kesi ndio, lakini usikae chumbani unasubiri karatasi huku saa zinaenda, nenda, useme kilichotokea. Na pale kwenye vituo vya Mkono kwa Mkono unakuta daktari, polisi na ustawi wa jamii sehemu moja, husimulii mara sita kwa watu sita.

KELVIN: Mimi nilikuwa serikali ya wanafunzi kipindi chuo chetu kinafungua dawati la jinsia. Tulifurahi kweli. Sasa chumba walichotoa, kiko jengo la utawala, ghorofa ya chini, na mlango unatazamana na dirisha la uhasibu. Juu ya mlango bango limeandikwa DAWATI LA JINSIA kwa herufi kubwa nyekundu. Na unajua ule mstari wa ada wiki mbili kabla ya yu-i, mtihani wa mwisho wa semista, watu mia wamesimama pale kutwa nzima hawana cha kutazama isipokuwa huo mlango.

MWANAIDI: Nani ataingia!

KELVIN: Semista nzima daftari lina majina mawili, na mmoja alipotea njia alikuwa anatafuta ofisi ya mikopo. Mwisho wa mwaka ripoti ikasomwa kikaoni, "chuo chetu hakina matatizo haya". Mimi nilikuwa kwenye kile kikao dada, nilikaa kimya na mpaka leo inaniuma. Daftari tupu sio amani. Wangelihamishia zahanati, pale kila mtu anaingia, una malaria, una mafua, nani anajua umefuata nini.

MWANAIDI: Na namba ya simu inayopokelewa usiku. Mtu, sio mashine.

KELVIN: Sasa twende kwa malekchara.

MWANAIDI: Twende, maana hili ni jambo lingine kabisa na watu wanalichanganya. Huyu hakushiki kwa nguvu kichochoroni, anakushika na maksi. Vyuo vingi kozi wek, yaani test na kazi za katikati ya semista, ni maksi 40 na yu-i ni 60. Kwenye yu-i unaandika namba ya mtahiniwa, jina halionekani, lakini kozi wek jina lako liko wazi kabisa juu ya karatasi, prizentesheni anakuona usoni, na riseachi ndo usiseme, supavaiza ni mmoja, asiposaini hugradueti. Hapo ndo penye upenyo. "Njoo uchukue karatasi yako saa moja usiku", "mbona hunijali na unajua una sapu yangu". Yaani ukitaka kuzuia hili usianze na semina ya mabinti wavaeje, anza na karatasi! Test zisahihishwe na watu wawili, zirudishwe darasani kwa wote siku moja, kukutana na supavaiza kuwe ofisini saa za kazi, mlango wazi, na mwanafunzi akiomba kubadilishiwa supavaiza asilazimishwe kujieleza mbele ya idara nzima ambako huyo mtu ndo anakunywa chai.

KELVIN: Sheria ipo lakini.

MWANAIDI: Ipo, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamgusa mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe kitu ambacho ni haki yako. Ila ilipotungwa adhabu ikawekwa faini isiyozidi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Milioni tano Kelvin! Mi naona ni ndogo mno kwa mtu aliyevuruga maisha ya binti wa watu. Lakini itumieni hivyohivyo. Usifute meseji, piga skrinshoti, andika tarehe na saa, na piga 113 TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, kabla hujaenda kuonana naye, maana wao wanaweka mtego, wapo wahadhiri walionaswa hivyo na wakatiwa hatiani mahakamani. Ukishaenda peke yako ndo inakuwa neno lako na neno lake.

KELVIN: Kuna watu watasema haya mambo yameletwa na mitandao.

MWANAIDI: Mitandao gani, mwaka 1990 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulikuwa na kundi linajiita Mzee Punch, wanafunzi wa kiume wanabandika mabango ukutani kumdhalilisha binti aliyewakataa, akisogelewa na mtu naye anatishwa, mpaka binti mmoja akajitoa uhai mwezi wa pili mwaka huo. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, walikuwa hawajamaliza hata miaka mitatu tangu waanzishwe, wakalishikia bango jambo lile, wakaandika, wakaandamana nalo kila mahali, na kelele za kina mama kama hao ndo zikatuletea SOSPA, sheria ya makosa ya kujamiiana, mwaka 1998. Kwahiyo lilikuwepo kabla ya simu.

KELVIN: Na yule mwenzenu wa hosteli?

MWANAIDI: Alimaliza. Alihama hosteli akaenda kupanga geto mbali, anapanda daladala mbili kuja darasani, GPA ikashuka. Yule kijana aliyemfanyia vile tuligradueti naye siku moja. Majina yanasomwa kwa alfabeti, la kijana likatangulia, watu wakapiga vigelegele, alafu likaja la binti. Alinyanyuka, akaenda, akarudi kukaa. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, naona tu mabega.

KELVIN: Pole dada. Kuna ujumbe umeingia juzi, nausoma bila jina wala chuo. "Dada Mwanaidi imepita wiki mbili sasa, nilioga, nguo nilichoma. Nimechelewa?"

MWANAIDI: Mdogo wangu, hujachelewa. PEP muda wake umepita ndio, siwezi kukudanganya, lakini nenda kapime, VVU na magonjwa mengine ya zinaa na mimba, na hicho kipimo cha VVU watakwambia lini urudie, usikiache njiani. Kuripoti bado unaweza, nguo sio ushahidi pekee, kuna uliyempigia usiku ule, kuna meseji, kuna aliyekuona unarudi. Nenda na mtu mmoja unayemwamini. Kama huna, jibu hapohapo kwenye ujumbe wako utuambie uko mji gani, mimi nitatafuta mtu wa kwenda na wewe. Na hatakuuliza ulikuwa unatoka wapi.