Kofia ya Jino: Kabla Hujakaa Kwenye Kiti

SALIM: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Salim, na niko na dada Rehema kama kawaida. Mada ya leo inanihusu mwenyewe. Gego langu la chini lilitibiwa mzizi mwezi uliopita, yaani mshipa wa ndani ulitolewa, na wiki ijayo narudi kuanza kutengenezewa kofia, gamba gumu la kulifunika jino, wengine huiita krauni. Dada Rehema alifanya kazi miaka tisa akimsaidia daktari wa meno, kwa hiyo leo nauliza mimi, anajibu yeye.

REHEMA: Pole na jino, kaka Salim.

SALIM: Nimeshapoa. Na hapo ndipo penye swali langu. Jino haliumi tena, limeshazibwa. Kwa nini nisiliache hivyo hivyo?

REHEMA: Wengi huwa na swali hilo, wanaona haya kuuliza. Sikiliza. Ili afike kwenye mizizi, daktari ametoboa jino kwa juu. Jumlisha na sehemu iliyokuwa imeoza akaiondoa. Mara nyingi kinachobaki ni kuta nyembamba zilizozunguka kijazo, na gego ndilo linalobeba kazi nzito ya kutafuna. Ukuta mmoja ukipasuka na ufa ukashuka hadi kwenye mzizi, jino hilo kwa kawaida huishia kung'olewa. Kofia inalikamata jino pande zote. Umeona mpini unavyofungwa pete ya chuma ili usipasuke? Ni kazi ileile.

SALIM: Kwa hiyo kila jino lililotibiwa mzizi livalishwe?

REHEMA: Hapana. Jino la mbele ambalo bado lina sehemu kubwa nzima linaweza kutosheka na kijazo tu. Ndiyo maana nasema muulize daktari wako waziwazi: limebaki jino kiasi gani, na kijazo pekee hakitoshi? Ili kofia ikae, jino linasagwa pande zote, kama milimita 1 hadi 2. Enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino, ikisagwa hairudi. Ni uamuzi usiorudi nyuma, na una haki ya kuuelewa kabla mashine haijawashwa.

SALIM: Nikishakubali, nitegemee nini siku ya kwanza?

REHEMA: Sindano ya ganzi kwanza. Hata jino lako ambalo halina mshipa tena, ufizi unaolizunguka unahisi. Halafu rangi. Daktari au msaidizi wake ataleta vipande vya rangi za meno, avilinganishe na meno ya jirani. Hilo lifanyike mapema, kwa sababu jino likikaa wazi muda mrefu hukauka likaonekana jeupe kuliko lilivyo. Na kama ulikuwa na nia ya kung'arisha meno, ung'arishe kabla. Kofia haing'ariki, itabaki na rangi iliyotoka nayo maabara.

SALIM: Kusaga kwenyewe?

REHEMA: Maumivu hayapo, ila kuna kelele, maji mengi na taya kuchoka. Ukisikia maumivu inua mkono, utaongezewa ganzi. Baada ya hapo wanachukua kipimo cha jino. Penye kamera ndogo ya kupitisha mdomoni ni rahisi. Kwingine wanatumia dawa laini kama unga uliokandwa, wanaikandamiza kwenye meno hadi igande. Wenye kichefuchefu hapo ndipo pagumu. Nilikuwa nawaambia wainamishe kichwa mbele kidogo, wavute pumzi puani na wachezeshe vidole vya miguu. Akili ikienda miguuni, koo linatulia.

SALIM: Halafu naondoka na kofia ya muda.

REHEMA: Ndiyo, wiki mbili hivi, wakati fundi wa maabara anatengeneza yako. Kuna kliniki zenye mashine ya kuichonga palepale, unamaliza siku moja. Sasa ile ya muda imegandishwa kwa gundi dhaifu, kwa makusudi, iweze kutolewa. Usile vya kunata, tafunia upande wa pili. Uzi wa meno uupitishe, lakini uuchomoe kwa pembeni, usiuvute kwenda juu. Na ikidondoka, usiseme "tarehe yangu imekaribia, nitavumilia." Ihifadhi, piga simu siku hiyohiyo. Meno ya jirani husogea yakiona nafasi, na yakisogea kofia yako halisi inaweza isiingie.

SALIM: Sikulijua hilo kabisa.

REHEMA: Sasa ziara ya pili, na hapa naomba unisikilize sana. Daktari ataijaribu kofia, kisha atakuwekea karatasi nyembamba ya rangi katikati ya meno: "Uma. Saga kidogo. Tena." Pale panapogonga zaidi panabaki doa. Nakumbuka mama mmoja aliulizwa kama iko sawa, akajibu iko sawa. Siku nne baadaye karudi ameshika shavu, hawezi kutafuna hata chakula laini. Karatasi ikaonyesha doa moja, dogo kama kichwa cha pini. Daktari alilisugua, haikufika dakika moja, na yule mama akafunga mdomo akatulia. Alituambia siku ile alihisi kitu kinagonga, ila aliona atamchosha daktari.

SALIM: Siku nne za maumivu kwa sababu ya heshima.

REHEMA: Iliniuma sana. Na ukiwa na ganzi huwezi kuhukumu vizuri, kwa hiyo kesho yake jipime tena. Jino hilo likitangulia kugusa kabla ya mengine, rudi. Ufizi kuuma siku chache ni kawaida. Maumivu ya kuuma chakula yasiyopungua si ya kuvumilia.

SALIM: Itadumu miaka mingapi?

REHEMA: Nyingi hufika miaka 10 hadi 15, nyingine zaidi. Kofia yenyewe haiozi. Kinachooza ni jino pale ukingoni, kofia inapokutana na ufizi. Mswaki ulale hapo, na uzi upite kila siku.

SALIM: Mke wangu anasema nasaga meno usiku.

REHEMA: Mwambie daktari hilo kabla hajachagua kofia. Kofia ya kauri ya kawaida inaweza kumeguka. Ya zirkonia, aina ya kauri ngumu sana, au ya metali inahimili zaidi, na huenda akakutengenezea kikinga cha kuvaa ukilala. Umewahi kumwambia?

SALIM: Hajaniuliza, na mimi sikusema.

REHEMA: Basi mpigie leo, kaka, usingoje wiki ijayo. Vipimo vikishakwenda maabara umechelewa.

SALIM: Tukizima hapa napiga.