Waya Mweusi Ulio Peke Yake: Mhadhara kuhusu Kubadilisha Taa ya Dari

Mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kubadilisha taa ya dari nyumbani. Kutandaza nyaya mpya sitakugusa, kwa kuwa hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni, ambayo hutolewa na mamlaka za udhibiti wa nishati: Tanzania ni EWURA na Kenya ni EPRA. Nazungumzia jambo dogo zaidi: taa ya zamani inashuka na mpya inapanda mahali pake, kwenye nyaya zilezile.

Wengi wetu huanza kwa kuzima swichi ya ukutani na kuona kwamba yametosha. Umeme wetu ni wa volti 230 hadi 240, na swichi ile hukata njia moja tu, inayoelekea kwenye balbu. Katika nyumba nyingi za zamani zilizofungwa kwa utaratibu wa Kiingereza, waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, hufika kwanza kwenye selingi rozi, yaani kile kikombe cha plastiki kilichobandikwa darini, ndipo ushuke hadi kwenye swichi na kurudi juu. Kwa hiyo hata swichi ikizimwa, moto umebaki mle kikombeni. Wapo pia mafundi waliopitisha nyutro, yaani waya unaoutoa umeme kwenye taa na kukamilisha njia yake, kwenye swichi badala ya moto, na hapo taa huzimika vizuri, mwenye nyumba akaridhika, ilhali holda, yaani kishikio cha balbu, ina umeme usiku na mchana. Balbu ya LED inayobaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa yaweza kuwa dalili ya kosa hilo, ingawa si kila mara.

Basi zimeni mein swichi, yaani swichi kuu ya nyumba nzima, na mwambieni kila aliyemo nyumbani asiiguse. Msifanye kazi hii kwa kutegemea kwamba umeme umekatika mtaani. Mimi nilifanya hivyo ujanani, nikasimama juu ya meza nikiwa na bisibisi mkononi, na redio ya jirani ndiyo iliyonijulisha kwamba umeme umerudi. Isitoshe, umeme ukiwa umekatika mtaani, testa, yaani kifaa cha kuonyesha kama waya una umeme, haisemi lolote. Testa hujaribiwa kwanza kwenye soketi yenye umeme, kisha mein swichi ikazimwa na nyaya za darini zikapimwa, halafu testa ikajaribiwa tena penye umeme, ili ijulikane kwamba haikufa katikati ya safari. Hata hivyo testa ya bisibisi huwaka kwa mkondo mdogo unaopita mwilini, na mtu aliyevaa viatu vikavu juu ya ngazi ya mbao aweza asiuone mwanga wake. Mita ya mkononi ya kupimia volti ni shahidi wa kuaminika zaidi.

Sasa tufungue kikombe, maana hapa ndipo watu hupotea. Katika nyumba ya aina niliyoitaja mtakuta nyaya nyekundu tatu zimebanwa pamoja, nyeusi mbili zimebanwa pamoja, na nyeusi moja imekaa peke yake. Nyeusi zile mbili ni nyutro. Huyu mpweke si nyutro hata kidogo, bali ndiye anayerudisha moto kutoka kwenye swichi, na fundi mwangalifu humzungushia tepu nyekundu. Wasio waangalifu, ambao ndio wengi, humwacha vivyo hivyo. Mtu akifungua skrubu zote kwa pamoja, kisha akaunganisha nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, taa itawaka moja kwa moja bila kujali swichi, na siku atakapobonyeza swichi, moto utakutana na nyutro uso kwa uso na breka, yaani swichi inayojikata yenyewe penye hitilafu, itaanguka. Katika nyumba mpya rangi ni kahawia na bluu, lakini mtego ni uleule. Kwa hiyo, kabla ya kulegeza skrubu hata moja, pigeni picha kwa simu na mtieni alama yule mweusi. Waya wa kahawia wa taa mpya huungwa naye, na wa bluu huungwa na zile nyeusi mbili.

Taa yenye mwili wa chuma lazima iungwe ethi, yaani waya wa ardhini. Kama darini hakuna ethi, nunueni taa yenye alama ya mraba ndani ya mraba, yaani isiyohitaji ethi. Kwa holda ambayo balbu yake hukazwa kwa kuzungusha, moto uende kwenye ncha ya katikati, kwa sababu pembeni ndipo vidole hugusa. Jipsamu peke yake haibebi taa nzito: tafuteni mbao iliyo nyuma yake.

Baada ya hapo washeni umeme mkiwa mmeshuka ngazi, ndipo mbonyeze swichi. Breka ikianguka papo hapo, msiipandishe kwa nguvu. Zimeni mein swichi tena, pandeni, na mkamtazame yule mweusi.