Mkono wa Kulia Unapogoma

Wekeni kalamu chini. Kosa la kwanza la kanuni ya mkono wa kulia, ile inayotumia vidole kutafuta mwelekeo wa kani ya sumaku, huanzia hapo: mkono wa kulia umeshika kalamu, muda wa mtihani unayoyoma, mwanafunzi anainua wa kushoto kwa kuwa ndio ulio huru. Jibu linatoka kinyume, hesabu zote ziko sawa, na hajui alipokosea.

Tuchukue protoni inayokwenda upande wa kulia wa ukurasa kwa 2 × 10⁶ m/s, ndani ya uga sumaku wa tesla 0.5 unaozama kwenye karatasi, yaani ule tunaouchora kwa misalaba. (Nukta ni ncha ya mshale unaokujia; msalaba ni manyoya yake ukikuacha.) Kabla ya kuinua mkono, andikeni F = qv × B: F ni kani, q ni chaji, v ni kasi pamoja na mwelekeo wake, B ni uga sumaku. Mpangilio huo ndio wa kukariri: vidole vinne vifuate v, vikunjwe kuelekea B, kidole gumba kionyeshe F. Ukianzia kwa B, gumba linageuka.

Haya, karatasi mezani. Vidole kulia, kiganja chini. Kifundo kinagoma, sivyo? Hapa ndipo wengi hubadili mkono kimyakimya. Msikilazimishe, zungusheni karatasi mpaka v ielekee mbele yenu. Gumba sasa liko kushoto. Rudisheni karatasi ilivyokuwa: kani inaelekea juu ya ukurasa, 1.6 × 10⁻¹³ N.

Ikiwa elektroni, yenye chaji hasi, geuzeni jibu mara moja tu, mwishoni. Anayegeuza v mwanzoni kisha F mwishoni amerudi palepale alipoanzia.

Mkono wa kushoto wa Fleming mliofundishwa sekondari kwa ajili ya mota haupingani na huu: gumba kani, shahada uga, cha kati mkondo, na jibu ni lilelile. Kinachovuruga ni kuchanganya mikono yote miwili katika swali moja. Mimi ningebaki na vekta, yaani v × B kwa mkono wa kulia.

Kwa uga unaozunguka waya wenye mkondo, shikeni kana kwamba mnaufumbata kwa mkono wa kulia: gumba mkondo, vidole uga. Jaribuni alichokiona mwanafizikia Mdenmaki Ørsted mwaka 1820. Nyosheni waya kaskazini-kusini juu ya dira, tumieni betri moja ya volti 1.5, mkondo uende kaskazini. Tabirini kwanza kwa mkono, ndipo mgusishe, sekunde mbili au tatu tu kwa sababu waya utapata moto. Ncha ya kaskazini itapinda magharibi. Dira ikiwekwa juu ya waya, itapinda mashariki.