Pimeni Mche, Si Mafuta

Ndugu zangu, poleni na foleni ya Barabara ya Mandela. Naona wengi mmekuja na sabuni zenu za mwarobaini, karafuu na mchaichai, na karibu kila kasha limeandikwa “Inaua bakteria”. Maneno hayo ndiyo yaliyonileta.

Tuanze kwenye ndoo. Kilo moja ya mafuta ya nazi hula gramu 183 hivi za kostiki soda. Mawese hula 141 tu. Ukikosa nazi Kariakoo ukaweka mawese kwa kipimo kilekile, kostiki inabaki na mche wa sabuni unachubua ngozi. Mizani ni lazima, vikombe wekeni kando. Na kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe msimimine maji kwenye kostiki. Kisha wiki nne kivulini, penye hewa.

Sasa karafuu. Ina kemikali iitwayo yujenoli, na ni kweli yujenoli inadhuru bakteria. Lakini ina tabia ya tindikali dhaifu: ikikutana na kostiki hushikwa, ikageuka chumvi. Ndiyo maana ukiitia, uji wa sabuni huganda ghafla kabla hujaumimina. Kilichomo kwenye mche si kile kilichokuwa kwenye chupa! Ukipeleka maabara chupa ya mafuta, umepimiwa kitu ambacho mteja wako hanawii.

Pelekeni mche wenyewe. Na pelekeni wa pili: mafuta yaleyale, kostiki ileile, bila karafuu. Watapanda bakteria aitwaye Staphylococcus aureus kwenye sahani za agari, yaani rojo iliyoganda ya kuoteshea bakteria, watoboe vishimo, watie maji ya kila sabuni, walaze kwa nyuzi 37 hadi kesho yake, kisha wapime kwa rula duara ambalo bakteria hawakuota. Sabuni ya namna hii ina pH ya 9 hadi 10, yaani ina ualkali, na hiyo peke yake yaweza kuzuia bakteria. Maduara yakilingana, karafuu imeongeza harufu, basi.

Mwaka 2016 Marekani ilipiga marufuku triklosani, dawa ya kuua bakteria, na viambato vingine 18 vya aina hiyo katika sabuni za kunawia, kwa kuwa watengenezaji hawakuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Sabuni ya kawaida ina heshima yake, jamani; inang'oa vijidudu mikononi vizuri kabisa.

Kabla majibu ya maabara hayajatoka, andikeni “Sabuni ya nazi yenye mwarobaini”. Hilo ni kweli, na linauzika. Haya, maswali. Tuanze na mama pale nyuma.