Mvua imenyesha, malisho yasubiri

Mbukwenyi, wazee wangu na mama zangu! Najua leo hakuna anayetaka mhadhara. Kila mtu anawaza kwenda kuona majani yamechipua wapi. Matope haya ya Kongwa viatuni mwangu sijayafuta, na sina haraka ya kuyafuta.

Nimekuja na neno moja: ng'ombe aliyekonda anaweza kuponea kiangazi chote, akafa mvua ikishanyesha. Naona wachungaji wanatikisa vichwa, wanalijua. Ng'ombe aliyekula mabua tangu Agosti anaona kijani ng'ambo ya korongo, anakifuata. Akifika, jani halifiki hata urefu wa kidole, na karibu lote ni maji. Anaharisha, anazunguka kutwa asishibe, usiku analala amelowa. Kwa hiyo wiki hizi za mwanzo mpeni mabua na pumba kwanza, ndipo atoke.

Nyasi nayo ina hesabu yake. Ile ya kudumu huchipua kwa akiba iliyo mizizini. Ikiliwa mapema inachota tena akiba ileile, na ikiliwa tena na tena, shina linakufa, panabaki kipara.

Na kipara hakinywi maji. Milimita 20 za mvua kwenye hekta moja ni lita 200,000. Mmeziona zikienda korongoni. Udongo huu ukikauka ni sakafu. Waingereza walikuja na matrekta mwaka 1947 kulima karanga, ukawashinda, na kufikia 1951 mradi ulikwisha kuachwa. Leo tuna ranchi hapa, maana nyasi inauweza udongo huu kuliko karanga, ili mradi iachwe ikue. Penye vipara kateni matawi ya miiba mtandaze: maji yatapunguza mbio, mbegu zitanasa, na mbuzi hatapita kirahisi.

Mtaniambia mvua ndiyo imeanza, haraka ya nini. Msimu wetu ni mmoja, Desemba hadi Aprili, na Februari mara nyingi mbingu hufunga. Aliyemaliza malisho Januari huyo ndiye atakayekuja kuomba mabua kwa jirani.

Sisemi mfunge malisho ya kijiji kizima. Fungeni upande mmoja mpaka nyasi itoe mbegu. Mwenyekiti yupo hapa, wazee wapo. Upande huo uchagueni leo kabla hatujatawanyika, maana kesho alfajiri ng'ombe watakuwa wameshauchagua wenyewe.