LDH Ikipanda: Vimeng'enya vya Damu na Mgonjwa wa Sepsisi

Wenzangu matabibu, wauguzi, na nyinyi wa maabara mliojibanza huku nyuma kana kwamba mada haiwahusu, habari za mchana.

Tuseme saa nane usiku unaletewa cheti cha majibu. Mgonjwa ana homa, anapumua mara 30 kwa dakika, na anaropoka. LDH yake (kimeng'enya kiitwacho lakteti dihidrojenezi) ni 1,100, wakati kwa maabara nyingi kawaida huishia kwenye 250 hivi. AST 900, ALT 400, hivi vikiwa vimeng'enya vinavyotumika sana kupima ini. Ndugu zake wako mlangoni, wanataka kujua kama mtu wao atapona. Namba hizo zinakuruhusu uwajibu nini?

Tafsiri ya sepsisi iliyotolewa mwaka 2016 inasema ni hali ambapo mwili unapambana na maambukizi kwa namna iliyovurugika, hadi viungo vyake wenyewe vinashindwa kazi na uhai kuwa hatarini. Makadirio ya mwaka 2017 yalikuwa wagonjwa milioni 48.9 duniani na vifo milioni 11, na wengi mno kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Sasa, LDH ni kimeng'enya kinachofanya kazi ndani ya seli: hugeuza piruveti (zao la kuvunjwa kwa sukari) kuwa lakteti, na kinyume chake. Kikijaa kwenye damu, jua kuna seli zimepasuka mahali. Katika sepsisi mishipa midogo huziba, oksijeni haifiki, seli zinakufa na kumwaga vilivyomo. Ndiyo maana tafiti nyingi zilizopekua majalada ya wagonjwa mahututi (ICU) zimekuta kwamba wenye LDH ya juu hufa zaidi. Hilo silibishi. Ninachobisha ni kuisoma namba hiyo kama hukumu.

LDH haina anwani. Imo kwenye moyo, ini, misuli, mapafu, figo na chembe nyekundu za damu. Huku kwetu malaria inayopasua chembe nyekundu huipandisha. Mgonjwa wa seli mundu anaweza kuwa nayo juu hata siku anayojisikia vizuri. Nimonia ya Pneumocystis kwa mwenye VVU, vilevile.

Halafu kuna sisi wenyewe. Ndani ya chembe nyekundu LDH ni nyingi zaidi ya mara mia kuliko kwenye majimaji ya damu. Sindano nyembamba, bomba la sindano lililovutwa kwa pupa, kichupa kilichotikiswa badala ya kugeuzwa taratibu, na umeshatengeneza LDH ya kutisha kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Basi wewe wa maabara, ukiona seramu (majimaji ya damu) imekuwa na rangi ya waridi, dalili kwamba chembe nyekundu zimepasuka, andika hivyo kwenye cheti. Mstari huo mmoja una faida kuliko namba yenyewe.

AST na ALT zina hadithi yake. Shinikizo la damu likianguka na ini likakosa damu na oksijeni, zinaweza kuruka hadi maelfu ndani ya siku moja au mbili, LDH ikiwa pamoja nazo. Mzunguko wa damu ukirudi, zinashuka upesi. AST ndiyo hutangulia, kwani nusu yake huondoka kwenye damu kwa saa 17 hivi, na ALT huchukua karibu saa 47. Kwa hiyo kipimo cha pili kina uzito kuliko cha kwanza. Lakini msishangilie kila mteremko! Vimeng'enya vikishuka huku bilirubini (rangi ya manjano inayosafishwa na ini) na INR (kipimo cha kuganda kwa damu) zikipanda, huenda ini limeishiwa seli za kumwaga.

Mmewahi kujiuliza kwa nini alama za SOFA, zinazopima viungo vimeshindwa kazi kiasi gani, hazina kimeng'enya hata kimoja? Zinaangalia oksijeni, chembe sahani, bilirubini, shinikizo la damu, fahamu, na kreatinini (kipimo cha figo) au mkojo. APACHE II ya mwaka 1985, alama za kupima ukali wa ugonjwa kwa mahututi, pia haina. Lakini alama za Ranson za ugonjwa wa kuvimba kongosho, za mwaka 1974, zina LDH na AST. Nadhani sababu ni kwamba kwenye kongosho mahali pa ugonjwa panajulikana tayari. Kwenye sepsisi tunatafuta kiungo gani kimeacha kufanya kazi, na LDH haisemi.

Kuna anayenyoosha mkono: vipi lakteti? Hicho si kimeng'enya, ni zao la kazi ya kimeng'enya. Kina nafasi yake rasmi: mgonjwa akihitaji dawa za kupandisha shinikizo, na lakteti ikabaki juu ya 2 mmol/L baada ya kupewa maji ya kutosha, hiyo ni shoku ya sepsisi, na vifo hospitalini huzidi asilimia 40. Ila sampuli iende na kichupa cha kifuniko cha kijivu na ipimwe mapema. Ikizubaa mezani, chembe nyekundu zinaendelea kula sukari na lakteti inapanda yenyewe.

Na kama hospitali yenu haina kipimo hicho? Utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK, uliochapishwa 2019 na kufanyika Amerika ya Kusini kwa wagonjwa 424, ulilinganisha tiba ya shoku ya sepsisi iliyoongozwa na lakteti na ile iliyoongozwa na kipimo cha kidole. Kundi la kidole lilikuwa na vifo asilimia 34.9 kufikia siku ya 28, la lakteti 43.4, kitakwimu tofauti hiyo haikufikia kiwango cha uhakika, lakini kidole hakikushindwa. Walichofanya ni hiki: unagandamiza ncha ya kidole cha shahada kwa kipande cha kioo mpaka ngozi ipauke, unashikilia sekunde 10, unaachia na kuhesabu. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, damu haifiki. Rudia kila nusu saa, na antibiotiki iwe imeshaingia mshipani wakati cheti cha LDH bado kiko njiani.