Kutoa invatesi kwenye hamira: kuvunja seli au kuziacha zijimeng'enye?

Assalamu alaykum, watazamaji wapendwa. Leo hapa Tunguu tunatoa invatesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya chai kuwa glukosi na fruktosi, kutoka kwenye hamira kavu ya Darajani, ileile ya mkate wa kumimina. Kupima na kukoroga mnakujua, tusonge mbele.

Ukizisaga seli kwa shanga za kioo za nusu milimita, zinapasuka kwa dakika chache, lakini kila kilichomo ndani kinamwagika na majimaji yanakuwa mazito ya kunata. Mimi napendelea kuiacha hamira ijimeng'enye usiku kucha kwenye sodiamu baikabonati, katika nyuzi 40, kwa sababu sehemu kubwa ya invatesi imekaa kati ya utando na ukuta wa seli, na sukari iliyoifunika, ambayo ni takriban nusu ya uzito wake, inaikinga na protiazi, yaani vimeng'enya vinavyovunja protini, za hamira yenyewe. Mngekuwa mnatafuta dehidrojenesi ya alkoholi, kimeng'enya kingine kilichomo ndani ya seli, ningewaambia msage.

Zungusheni kwenye sentrifuji, mchukue maji ya juu.

Sasa tunatia ethanoli ili protini zijitenge na maji, nayo iwe imelala kwenye friza. Tieni tone kwa tone, chombo kikiwa ndani ya barafu, kwani ethanoli ikikutana na maji hutoa joto, na joto pamoja na ethanoli huharibu protini. Tone kwa tone, tafadhali, hata kama mkono umechoka. Subirini: tazameni povu hili ukingoni mwa bika. Sumaku ya kukorogea inazunguka kwa kasi mno, na protini huharibika kwenye povu. Naipunguza. Sasa mnaona weupe unavyojikusanya taratibu; endeleeni, tone kwa tone.

Mashapo yayeyusheni kwenye bafa ya asetati ya pH 4.5, yaani myeyusho unaozuia pH isibadilike, kisha muyatie kwenye mfuko wa dayalisisi, unaopitisha molekuli ndogo na kubakiza protini. Msipime kwa myeyusho wa Benedict, wa buluu unaogeuka mwekundu ukikutana na glukosi au fruktosi, kabla ya hapo, kwani sukari ndogondogo zilizobaki zitauleta wekundu ambao si kazi ya invatesi. Pimeni, pamoja na sukari ya chai, pia sampuli iliyochemshwa ili invatesi yake iharibike, ambayo inapaswa kubaki buluu.

Kwa kila njia, ya shanga na ya kujimeng'enya, andikeni utendaji wa jumla wa invatesi, na utendaji kwa kila miligramu ya protini. Mkiangalia namba ya kwanza peke yake, shanga zinaweza kuonekana zimeshinda, kumbe mmebeba protini nyingi zisizohitajika, na kazi yote ya kuzitenganisha bado inawasubiri.